Yale Tuliyoyaita Tabia

Babu yangu mzaa mama alikuwa hacheki. Ndivyo tulivyomjua sisi, na ndivyo alivyojulikana Pangani nzima: mzee mwenye kiburi, ambaye harusini alikaa na uso uleule aliokwenda nao msibani. Mama yangu, binti yake, alikuwa akilala macho nusu wazi, weupe wa jicho ukichungulia chini ya kope, na sisi watoto tuliamini kwamba anatulinda hata akiwa usingizini, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kunyatia kopo la sukari mchana akijipumzisha. Mjomba alikuwa mvivu wa kazi za juu. Hakukwea mnazi, hakupaua nyumba, na mzigo wa kupandisha darini aliwaachia wengine. Kaka yangu alikuwa mlevi, kwa sababu aliburuta mguu wa kulia na kujikwaa mahali pasipo na kitu, ingawa hajapata kuonja pombe maishani mwake. Mimi nilikuwa binti asiyejua jiko, maana sikuweza kupuliza moto ukawaka. Kila mmoja wetu alikuwa na tabia yake, na tabia, kama ijulikanavyo, haitibiwi hospitali. Nilikuwa na umri wa miaka 38 nilipoelewa kwamba tabia hizo zote tano zilikuwa ugonjwa mmoja.

Ugonjwa wenyewe una jina refu, distrofi ya misuli ya fasioskapulohumerali, ambalo madaktari hulifupisha kuwa FSHD. Ukilivunja jina hilo unapata uso, kombe la bega na mkono wa juu, yaani sehemu ambazo huwa za kwanza kudhoofika. Ulielezwa kwa ukamilifu na madaktari wawili wa Ufaransa, Landouzy na Dejerine, katika miaka ya 1880, na kwa muda mrefu uliitwa kwa majina yao. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya mtu 1 katika kila watu 8,000 na mtu 1 katika kila watu 20,000, kiasi kinachoufanya uwe miongoni mwa magonjwa ya kurithi ya misuli yanayoonekana mara nyingi zaidi kwa watu wazima, na bado uwe adimu kiasi kwamba daktari wa kawaida anaweza kustaafu bila kumtambua mgonjwa hata mmoja. Nasema kumtambua, kwa maana huenda amewaona kadhaa na kuwapa dawa ya maumivu ya mgongo.

Nianze na uso, kwa sababu ndiko ugonjwa ulikoanzia kwetu na ndiko ulikojificha vizuri zaidi. Msuli unaozunguka mdomo ukidhoofika, midomo haikazi. Huwezi kupiga mluzi, huwezi kupuliza puto, na soda ukiinywa kwa mrija unavuta hewa zaidi kuliko soda. Nyumba yetu ilipikia kuni na mkaa, na msichana alipimwa kwa namna alivyoinama mbele ya mafiga akapuliza mara tatu, moto ukashika. Mimi nilipuliza mpaka machozi yakanitoka, na pumzi yote ikapotelea pembeni mwa mdomo huku majivu yakinirukia usoni. Bibi alisema nadeka. Nikajifunza kutembea na kipepeo mkononi kama wengine wanavyotembea na leso, na baada ya miaka michache hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na jambo ambalo sikuliweza. Hivyo ndivyo mwili unavyotudanganya katika ugonjwa huu: nguvu inapungua polepole mno, na mtu anabuni njia ya kuzunguka kila kilichopungua kabla hajatambua kwamba kimepungua. Msuli wa kufumba jicho nao ni hivyohivyo. Mama hakuwa mlinzi wa sukari. Kope zake zilikuwa hazikutani, na macho mekundu aliyoamka nayo kila asubuhi, ambayo miaka yote yalisingiziwa moshi, yalikuwa yamekauka usiku kucha.

Mabega yalikuja baadaye. Kwa wengi dalili huanza kuonekana katika miaka ya ujana au ya ishirini, ingawa wapo wanaofika uzeeni bila kujijua. Yangu yaligunduliwa na somo wangu, siku chache kabla ya harusi, nilipokuwa na miaka 25. Alikuwa akinisinga, na mkono wake uliojaa singo ukasimama ghafla mgongoni. Akaniambia niinue mikono. Nikainua, nayo ikakomea usawa wa mashavu. “Mwanangu,” akasema, “mbona una mabawa?” Kisha akaendelea kusugua, kwa sababu harusi ilikuwa karibu na hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Baada ya hapo nilivaa baibui kama wanawake wengine wa kwetu, na vazi hilo, pamoja na heshima yake yote, lilinifichia mgongo kwa miaka kumi na mitatu, hata kwa mimi mwenyewe.

Neno alilotumia lilikuwa sahihi kuliko alivyojua, kwani hata vitabu vya tiba hulinganisha hali hiyo na bawa. Kombe la bega halikufungwa kwenye mbavu kwa kiungo cha mfupa. Hapo mbavuni linashikiliwa na misuli tu. Misuli hiyo ikilegea, kila ukijaribu kuinua mkono kombe linainuka na kubenuka nyuma badala ya kutulia. Msuli mkubwa wa begani, ule unaouinua mkono wenyewe, mara nyingi unakuwa bado una nguvu, ila hauna pa kuegemea. Sisi wa mwambao tunaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi: tanga zima, kamba nzima, foromali nzima, lakini mlingoti umesimikwa kwenye ubao uliooza. Kwa hiyo niliweza kubeba ndoo ya maji kwa kuining'iniza mkononi, na sikuweza kuitua kichwani. Niliweza kufua, na sikuweza kuanika kwenye kamba ya juu. Niliweza kusuka nywele za mtu aliyeketi chini ya miguu yangu, na sikuweza kuchana zangu. Aliyeniona nikiweza hili na kushindwa lile alikuwa na haki, kwa ufahamu wake, kudhani kwamba nachagua kazi. Tena upande wa kulia ulikuwa dhaifu kuliko wa kushoto, na kutolingana huko kwa pande mbili ni miongoni mwa alama kubwa za ugonjwa huu, ilhali magonjwa mengi mengine ya kurithi ya misuli hudhoofisha pande zote kwa kiasi kinachokaribiana.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari, na kwa mwalimu mkono ni chombo cha kazi. Nilipofikisha miaka 30 nilikuwa tayari naandika nikiwa nimeshikilia kiwiko cha kulia kwa kiganja cha kushoto, na wanafunzi waliniiga wakidhani sioni. Baadaye nikaiacha kabisa nusu ya juu ya ubao. Mkaguzi mmoja aliandika katika taarifa yake kwamba mwalimu hatumii ubao wote. Jambo ambalo hadi leo linanifanya nicheke kwa uchungu ni kwamba mada niliyokuwa nikiifundisha siku hiyo, Kidato cha Nne, ilikuwa urithi: njegere za Mendel, sifa inayotawala na sifa inayofichika, na mchoro wa ukoo wenye miraba na miduara, mingine imetiwa kivuli. Nilichora ukoo wa watu wasiokuwapo, kwenye nusu ya chini ya ubao, kwa sababu mkono haukufika juu.

Kaka yangu ana miaka minne zaidi yangu, na ugonjwa ulimshika kwa ukali kuliko sisi wote. Kwake ulishuka mpaka miguuni, ukadhoofisha msuli wa mbele ya muundi unaoinua wayo, ndiyo maana ndara zake ziliburuza na kila kizingiti kilimwangusha. Misuli ya tumbo nayo ililegea, kiuno kikapinda kwa mbele, akawa anatembea ametanguliza tumbo kama mtu mwenye majivuno. Alipoteza kazi ya udereva kwa tuhuma ya ulevi. Katika hospitali ya kwanza aliambiwa ana mshipa uliobanwa mgongoni. Katika ya pili, kwa sababu ya mdomo uliolegea upande mmoja, aliambiwa ni kiharusi kidogo. Katika ya tatu kikakatwa kipande cha msuli wake, kikapimwa, zikaonekana ndani yake chembe za kinga ambazo huleta uvimbe, na akaanzishiwa dawa za kutuliza uvimbe, predinisoloni. Alizimeza kwa miezi minane. Uso ukamvimba, sukari ikapanda, na misuli ikaendelea kupungua kana kwamba hakuna dawa iliyopita. Sikusimulia haya ili kumlaumu mtu, kwa kuwa sasa najua kwamba msuli wa mgonjwa wa FSHD unaweza kweli kuonyesha uvimbe chini ya hadubini na kumpotosha hata mtaalamu mzuri. Ila dawa za jamii hiyo zilishajaribiwa zamani kwa wagonjwa wa aina yetu na hazikuwaongezea nguvu. Katikati ya hospitali hizo alipelekwa pia kwa mashehe na waganga. Alichanjwa chale, akanyweshwa kombe kwa ajili ya makombe ya mabega, na yeye mwenyewe ndiye aliyeutoa mzaha huo, siku ambayo hakuna mwingine aliyekuwa na hamu ya kucheka.

Aliyetufumbulia alikuwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu huko Dar es Salaam, ambaye tulimngojea kwa miezi kadhaa kwa sababu wataalamu wa aina yake nchini ni wachache. Nilikwenda kama msindikizaji. Daktari alimsikiliza kaka kwa utulivu, halafu akanigeukia mimi niliyeketi pembeni na bahasha ya picha za eksirei. “Dada, samahani. Hebu fumba macho kwa nguvu zako zote.” Nikafumba. Akaniambia nifumbe zaidi, nami nikamjibu kwamba ndiyo nimeshafumba. Mtu mwenye nguvu akikaza macho, kope zake huzama ndani zisionekane. Zangu zilikuwa zimebaki nje zote. Kisha akaniomba nipige mluzi. Nilimwambia kwamba sijawahi kujua, kwa kuwa nyumbani tulikatazwa mluzi usiku, unaita nyoka. Akatabasamu na kusema kwamba hii ilikuwa saa nne asubuhi.

Baada ya hapo alimlaza kaka chali kitandani, akamwambia ainue kichwa bila kutumia mikono, na kuniita nitazame kitovu. Kitovu kilipanda kuelekea kifuani, kama kimevutwa kwa uzi. Misuli ya sehemu ya chini ya tumbo ilikuwa imekufa nguvu kuliko ya juu, kwa hiyo ile ya juu ilipokaza ilishinda mvutano. Ishara hiyo hujulikana kwa jina la Beevor, na katika mtu mwenye uso na mabega kama ya kaka ina uzito mkubwa. Kipimo hakikugharimu hata shilingi moja. Nilikumbuka mamia ya maelfu tuliyokwishatumia, na nikaona afadhali nisiyataje mbele ya kaka. Daktari aliuliza habari za mama, za mjomba, za babu, na kila nilipotaja tabia ya mtu aliandika kitu. Alipofika kwa babu asiyecheka aliinua kalamu, akaniuliza kama kuna picha.

Mashaka ya daktari ni jambo moja na uthibitisho wa maabara ni jingine, na hapa nilipata somo ambalo ningependa kila familia yenye ugonjwa wa namna hii ilipate kabla ya kutoa fedha. Damu yetu ilipelekwa nje ya nchi mara mbili. Mara ya kwanza zilisomwa jeni nyingi, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo mwilini, za magonjwa ya misuli kwa pamoja, kwa mashine za kisasa, na jibu likarudi kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana. Kwa wiki tatu tulirudi tulikotoka. Kaka akaanza tena kuitwa mlevi, safari hii na watu waliodhani kwamba kipimo kimemwumbua. Kumbe kipimo kilikuwa kizuri kwa kazi yake, ila kazi yake haikuwa yetu. Kusoma jeni kwa njia ile ni kutafuta herufi iliyokosewa, na FSHD ya kawaida haina herufi iliyokosewa. Kinachotafutwa ni urefu.

Nitaeleza kwa shanga, maana ndivyo nilivyomweleza mama. DNA, ambamo jeni zimeandikwa, imefungwa katika mafungu yaitwayo kromosomu. Karibu na ncha ya mkono mrefu wa kromosomu ya 4 kuna kipande cha DNA chenye herufi 3,300 hivi, kiitwacho D4Z4, kinachojirudia kimoja baada ya kingine kama shanga zilizotungwa uzi mmoja. Mtu asiye na ugonjwa ana shanga 11 hadi 100 au hata zaidi. Mwenye FSHD ya aina ya kwanza, katika moja ya kromosomu zake mbili, ana shanga 10 au pungufu. Ndani ya kila ushanga imo nakala ya jeni iitwayo DUX4, jeni ambayo hufanya kazi katika siku za mwanzo kabisa za kiinitete, kisha inafungwa na kulazwa karibu mwili mzima. Uzi ukiwa mrefu unajikunja ukakaza, na DUX4 inabaki imelala. Ukiwa mfupi unalegea, na jeni hiyo inazinduka ndani ya msuli wa mtu mzima, mahali isipotakiwa, ikatengeneza protini ambayo ni sumu kwa msuli.

Lakini hata hilo halitoshi, na ndipo watafiti walipokwama kwa karibu miaka 20. Mahali pa ugonjwa palitambuliwa mwaka 1990, kufupika kwa kipande kukaonekana mwaka 1992, na bado walikuwapo watu wenye uzi mfupi walio wazima kabisa. Tena kwenye kromosomu ya 10 kuna shanga zinazofanana na hizi karibu herufi kwa herufi, na zikipungua hazimdhuru mtu. Jibu lilitoka mwaka 2010, katika kazi iliyoongozwa na watafiti wa Leiden, Uholanzi: ncha ya kromosomu ya 4 ina aina kuu mbili, na ni moja tu, inayoitwa 4qA, iliyo na alama ya kufunga ujumbe wa DUX4 mwishoni. Ni sawa na fundo la mwisho wa uzi. Pasipo fundo, ujumbe unaotoka unamomonyoka kabla haujatumika. Penye fundo, unadumu na sumu inatengenezwa. Kwa hiyo mgonjwa anahitaji mambo mawili kwa pamoja, uzi uliopungua na fundo mwishoni. Wachache, takriban 5 katika kila wagonjwa 100, hufika palepale kwa njia nyingine: shanga zao si chache kiasi hicho, ila jeni nyingine, mara nyingi SMCHD1 ya kromosomu ya 18, imeshindwa kazi yake ya kuukaza uzi.

Nilifundisha urithi kwa miaka 14 nikiwaambia wanafunzi kwamba ugonjwa wa kurithi ni jeni iliyoharibika. Jeni yetu haikuharibika. Ni nzima kabisa. Kosa lake ni kuwa macho.

Maabara ya pili ilitumia njia ya kupima urefu wa kipande badala ya kukisoma, na majibu yakarudi na namba ambayo sasa naijua kama namba ya kitambulisho changu: shanga 6, juu ya 4qA. Kaka naye 6. Katika ukoo mmoja hesabu hiyo kwa kawaida haibadiliki inapotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kinachobadilika ni ukali. Mimi na kaka tuna uzi wa urefu uleule kutoka kwa mama yuleyule, lakini kaka leo anatumia kiti cha magurudumu kwa safari yoyote inayovuka mtaa, ilhali mimi bado napanda daladala, na mama mwenye miaka 68 anapika pilau la watu ishirini. Wanaume, kwa wastani, huumia zaidi ya wanawake, lakini wastani haumwelezi mtu mmoja, na sijapata maelezo ya kaka yanayoniridhisha.

Kuwaeleza ndugu kulikuwa kazi nyingine. Niliposema kwamba ingefaa mjomba naye apime DNA, kikao kilinyamaza, kisha mke wake akauliza kwa sauti ya baridi ni mtoto gani kati ya wanawe ninayemtilia shaka. Kwetu Tanzania neno hilo likitajwa watu hufikiri mara moja Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za kubishania baba wa mtoto, na nilipaswa kulijua hilo kabla ya kufungua kinywa. Nikabadili, nikasema tatizo liko kwenye jeni. Mama mkubwa, ambaye masikio yamemwishia, akapiga goti lake kwa kiganja na kusema: “Jini! Mimi nilisema tangu zamani.” Ilinichukua nusu saa kuirudisha herufi e mahali pake, na sidhani kama kwake imewahi kurudi. Niliwaeleza kwamba kila mtoto wa mwenye ugonjwa ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuurithi, awe wa kike au wa kiume. Kwamba aliyeurithi anaweza asionyeshe dalili. Na kwamba kwa wagonjwa 10 hadi 30 katika kila 100 hitilafu huwa imeanza kwao wenyewe, bila mzazi aliyekuwa nayo. Hili la mwisho nililisema makusudi, kwa sababu nililiona jicho la upande wa baba likianza kuutazama upande wa mama kama mtu anayetafuta aliyeleta kunguni. Mjomba alikataa kupima. Mdogo wetu wa kike pia alikataa, akaniomba nisimtazame mabega anapovua mtandio, na nimejitahidi kulitii ombi lake.

Mama alisikiliza kikao chote bila kusema neno. Usiku alinijia na picha ya harusi yake, ile ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo kona yake imeliwa na mende. Babu amesimama kulia kwake, kanzu safi, koti, uso kama ukuta. Mama akaniambia kwamba tangu siku hiyo hadi babu alipofariki yeye hakuwahi kumsamehe baba yake kwa kutotabasamu, maana aliamini baba hakumpenda mume ambaye yeye alimchagua. Alitaka kujua kama baba yake angeweza kutabasamu angetaka. Niliitazama picha kwa muda mrefu chini ya taa. Midomo imetokeza mbele kidogo, mashavu hayana mstari hata mmoja, koti limesimama vibaya upande wa kulia kana kwamba limevikwa juu ya kitu. Nilimwonyesha macho. Macho ya babu katika picha ile yamefinyika pembeni kidogo, kwa jitihada ya misuli michache iliyobaki. Mama akasema, “Kwa hiyo alikuwa anacheka.” Sikuwa na kipimo cha kuthibitisha, lakini sikumpinga.

Dawa ya kuuzuia ugonjwa huu hadi sasa haipo. Mwaka 2024 dawa iitwayo losmapimodi, iliyobeba matumaini ya wengi, ilishindwa katika jaribio lake la hatua ya tatu. Kaka alizisoma habari hizo kwenye simu, akaifunga, akaenda kumwagilia mchicha wake. Kinachowezekana ni kuutunza mwili uliopo. Kaka alitengenezewa kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kushikilia kifundo, na tangu siku ile hajaanguka kizingitini. Ningekuwa na uwezo ningewapa wagonjwa wote kifaa hicho kwanza, kabla ya kipimo chochote cha ng'ambo. Mama anapaka malhamu machoni kabla ya kulala, na wekundu uliokaa miaka hamsini umeondoka kwa wiki mbili. Tunatembea jioni kwa kiasi, kwani mazoezi ya wastani hayaharibu misuli yetu kama tulivyokuwa tukihofia, ingawa uchovu wa ugonjwa huu ni wa aina yake na haumalizwi na usingizi. Moyo kwa kawaida huachwa salama na umri wa kuishi haupunguzwi sana. Takriban mgonjwa 1 katika kila 5 ndiye hatimaye huhitaji kiti cha magurudumu. Kaka hupimwa pumzi kila mwaka, kwa sababu misuli ya kupumulia inaweza kuguswa kwa walio katika hali kama yake. Shuleni nimenunuliwa ubao mweupe unaoshushwa chini, na mkaguzi aliyefuata aliusifu.

Linalobaki ni binti yangu. Ana miaka 15. Daktari alinieleza kwamba mtoto asiye na dalili hapimwi ugonjwa wa namna hii, kwa kuwa hakuna tiba ya kumwahisha na uamuzi wa kujua ni wake atakapokuwa mtu mzima. Nilikubali kwa kichwa. Lakini macho ya mama hayaweki ahadi. Nimemtuma aanike nguo kwenye kamba ya juu bila sababu. Nimenunua maputo wakati hatuna sherehe. Jikoni tunatumia gesi siku hizi, ila mwezi uliopita niliwasha jiko la mkaa nikamwambia apulize, naye akachukua kipepeo, nikashindwa kujua kama amekichukua kwa sababu kilikuwa karibu au kwa sababu nyingine, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia akiweke chini.

Wiki iliyopita, yapata saa nane za usiku, niliingia chumbani kwake na simu mkononi. Nilipunguza mwanga, nikauelekeza ukutani kwanza, kisha taratibu kwenye mto. Nilikuwa nimeinama kuzitazama kope zake, moja baada ya nyingine, aliposema bila kutikisika: “Zimefumba zote mbili, mama. Nenda kalale.”